Kitabu Tulichokisoma Kutoka Kulia

Siku ya hitima ya Mwatumu, wanaume walipokuwa bado barazani wakingoja masinia, binti wa mdogo wake aliniita chumbani akanipa kifurushi kilichofungwa kwa kipande cha kanga kilichopauka. "Mama mkubwa alisema hiki chako," akaniambia. "Alisema usipokuja, tukuletee hadi kwako." Nilikipapasa tu, sikuhitaji kuuliza. Vidole vyangu vilikijua kile kitabu kwa wembamba wake na kwa ule ukingo wa chini ulioliwa na mende. Sikukifungua pale. Nilikitia mkobani, nikarudi kukaa na wenzangu, nikala pilau kama walivyokula wao, na jirani yangu aliponiuliza mbona kimya nikamjibu kwamba ndivyo nilivyo siku zote, jambo ambalo ni kweli. Lakini siku ile kimya changu kilikuwa na sababu nyingine. Kuna neno nililopaswa kumwambia Mwatumu mwaka ule tulipokuwa vijana, sikumwambia, na sasa amezikwa. Mimi elimu yangu ni ya madarasa ya watu wazima, sijui kupamba maneno. Nitalieleza kama lilivyokuwa.

Mwaka wenyewe ni ule tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mistari miwili, makuti yake bado yananukia ubichi, na katikati tuliachiwa barabara pana ambayo hakuna gari lililopita. Mume wangu alikuwa dago upande wa Ras Mkumbi, huko wavuvi wanakopiga kambi miezi mizima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina mtoto. Nyumba ya pili kutoka kwangu alipewa msichana wa kisiwa cha Jibondo aliyekuja na shangazi yake. Siku ya kwanza nilimwona uani akinawa. Alichota nusu kata ya maji, akanawa uso, akanawa mikono, akanawa miguu, na yaliyobaki akayamwagia mpapai. Nikacheka. "Kisima kiko hapo, shoga. Nawa utakavyo." Akanitazama, naye akacheka. "Najua. Mkono ndio haujajua bado." Kwao maji yaliletwa kwa mashua, na hadi uzee wake sikupata kumwona akimwaga maji bure. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuwa mashoga, mimi na Mwatumu.

Chumba chake nakikumbuka kuliko changu. Kitanda cha kamba, mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau, mtungi kwenye pembe, na ukutani kawa za kufunikia chakula alizosuka mwenyewe, nzuri kuliko za yeyote pale kijijini. Lakini hakuna aliyekuja kuazima kawa. Hakuna aliyempelekea sahani ya chakula, wala aliyepokea sahani kutoka kwake. Nilikaa mwezi mzima nikistaajabu, mpaka siku moja kisimani nikasikia nyuma ya ua wa makuti sauti ya Bi Tatu, mkunga wetu wa kienyeji, akizungumza na mwenzake.

"Yule wa Jibondo aliota ya juu kwanza."

"Astaghfirullah! Na wamemleta kwetu?"

"Serikali imesema kila mtu ahamie. Haikusema tukaguane meno."

Kwa wasiojua, zamani kwetu mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego, na kigego alihesabiwa nuksi. Akifa babu, ni yeye. Mashua ikizama, ni yeye. Nilikuwa na udadisi wa ujana, sikuweza kunyamaza. Nikaenda kumwuliza usoni kama ni kweli. Mwatumu akafumbua kinywa mbele yangu. "Hesabu," akasema. "Sasa yapo yote, ya juu na ya chini, nani aliyetangulia utamjua?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa na miezi minane. Wewe unakumbuka kosa ulilofanya ukiwa na miezi minane?" Akanieleza kwamba ndiyo maana kwenye shamba la kijiji yeye huchimba mashimo tu, mwingine akapita nyuma yake kutia mbegu. Kesho yake nikatazama, nikaona ni hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyemkataza kwa mdomo. Kila alipopeleka mkono kwenye kikapu cha mbegu, kikapu kilihama.

Kitabu alikipata dukani kwa Mzee Nassor. Mzee yule alikuwa akiletewa robota la makaratasi makuukuu kutoka Dar es Salaam ya kufungia sukari na bizari, na siku hiyo alikuwa ameshika kijitabu cha picha, kimekatika majalada yote mawili, yuko tayari kukichana. Mwatumu akamsogelea.

"Shikamoo, Mzee Nassor. Hicho usikichane."

"Marahaba. Kina nini?"

"Kina watu."

Mzee akakifunua, akakunja uso. "Watu gani hawa? Vichaa wa Kizungu. Huyu ana mikono minne! Niletee kawa moja, uwachukue jamaa zako." Maskini, hakujua alichosema. Mwatumu alikwenda mbio kuleta kawa, tukarudi nyumbani na kitabu kimefichwa kangani kama tumeiba.

Sasa nieleze jambo ambalo limeibeba hadithi yote hii. Mimi na Mwatumu tulisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani. Herufi za Kiarabu tulizijua vizuri, hata barua ya Kiswahili tuliweza kuiandika kwa herufi hizo. Hizi za Kizungu tulizijua kwenye makopo ya maziwa tu. Basi tulikiweka kile kitabu kwenye mkeka kama unavyoweka juzuu, tukakifunua kutoka kulia, na katika kila ukurasa tukaanza na picha ya kulia kwenda ya kushoto. Hatukuulizana, kama mtu asivyouliza mlango wa nyumba yake uko upande gani. Namba za kurasa zilikuwa zimeliwa na mende, na maneno yalikuwa ya Kiingereza. Tulibaki na picha.

Hadithi tuliyoisoma ni hii. Watu wanne wanakuja katika mvua, wamebeba mafurushi, wanatutazama. Wa kwanza mwanamke wa makamo ambaye mwili wake unawaka mpaka mifupa inaonekana. Tukamwita Mama Kandili. Wa pili kijana mwenye mikono minne, tukamwita Mikono. Wa tatu jitu lenye ngozi kama magome ya mkoko, tukamwita Mkoko. Wa nne msichana mdogo asiyekaa chini, mwepesi mno, kila mara anaelea, na ili asipotelee mbinguni amefungwa kamba kwenye kiuno cha Mkoko. Huyo tukamwita Kishada. Wanne hawa, wanaofanana na nani sijui, walizaliwa hivyo. Kulikuwa na picha ya Mikono akiwa kitoto kichanga, na mama yake ameziba macho. Basi wanafika kwenye jumba linaloteketea, na kurasa mbili mbele jumba ni zima. Wanakuta watu wengi wenye nyuso za hasira, mawe yanaruka hewani. Picha inayofuata mawe yamo mikononi mwa watu. Picha inayofuata mikono ya watu ni mitupu. Kisha daraja kubwa limevunjika na basi linaning'inia, Mkoko analishika, Kishada anawatoa watoto mmoja mmoja kwa kuelea nao. Halafu daraja ni zima, basi linapita juu yake, na watu wanapunga mikono. Mwisho kabisa, wanne wale wameketi mezani na watoto tele, wanakula, na kamba ya Kishada imefungwa kwenye mguu wa meza.

Tulikisoma mara ngapi sijui. Tulikuwa tukila muhogo wa kuchoma na papa mkavu, kitabu katikati yetu, tukibishana. Daraja hatujapata kuliona. Mimi nilidhani ni gati refu. Tulitaka kujua Mikono hushonewa shati na fundi gani, na Mama Kandili akiswali gizani atawasumbua wenzake au atawafaa. Mwatumu yeye alimpenda Kishada.

"Huyu hana nguvu yoyote," nilimwambia. "Anaelea tu."

"Anawatoa watoto."

"Lakini bila kamba anapotea."

"Kila mtu ana kamba yake, shoga. Wewe yako iko dago inavua changu." Tukacheka mpaka shangazi yake akatugongea ukuta.

Nisichokiona wakati ule, au nilikiona nikakipita, ni kwamba mwenzangu hakuwa akisoma mchezo. Alikuwa anatazama zile picha tatu, mawe hewani, mawe mkononi, mikono mitupu, kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Mwezi wa pili wa kijiji yakaja madarasa ya watu wazima, kila siku baada ya alasiri, kwenye baraza la ofisi ya chama. Tuliletewa kijana wa Rufiji, Mwalimu Sefu, mwembamba, mwenye subira. Ubao alikuwa nao, chaki chache, na penseli moja ya wino, ile ambayo lazima uilambe ndipo iandike zambarau. Alituazima kwa zamu, mtu siku moja, aende nayo nyumbani. "Mkirudi na midomo hiyo," alisema, "waume zenu watadhani mmekunywa sumu." Siku ya kwanza aliugonga ubao kwa fimbo. "Tunaanzia hapa. Kushoto, tunakwenda kulia." Bi Tatu, ambaye alikuja darasani na uzee wake na kikopo chake cha ugoro, akainua mkono. "Mwalimu, kushoto ndiko kwa chooni." Baraza zima likaangua kicheko. "Utaandika kwa mkono wa kulia, Bi Tatu," Mwalimu akamjibu. "Macho tu ndiyo yaanzie kushoto."

Mimi ni mzito wa kufahamu. Ilinichukua wiki nne. Siku moja kitabu kilikuwa kwangu, nimekiweka mapajani huku naanika dagaa, na macho yangu, ambayo sasa yalikuwa yamezoea ubao, yakaanza yenyewe na picha ya kushoto. Nikashtuka. Nikakigeuza kitabu chote, nikakifunua kutoka upande wa pili. Walikuwa mezani na watoto, wanakula. Basi likapita darajani. Daraja likavunjika, wakawaokoa watu. Watu wakasimama mikono mitupu, wakawatazama wale wanne, picha inayofuata wameokota mawe, inayofuata wametupa. Jumba lilikuwa zima, likachomwa. Na mwisho wanne wale na mafurushi yao, mvua inanyesha, mji uko nyuma yao. Wanahama. Nilikaa na dagaa wangu mpaka kunguru wakaanza kuwachukua. Kesho yake nikamwuliza Mwalimu Sefu, "Mwalimu, kitabu cha Kizungu cha picha kinaanzia wapi?" Akasema, "Kushoto, kama cha Kiswahili. Kwani una kitabu?" Nikasema sina. Uongo mmoja tayari.

Wiki hiyo hiyo ikaja habari kutoka wilayani: kila kijiji kichague mwanamke mmoja aende Kilindoni miezi sita kujifunza huduma ya kwanza na ukunga. Achaguliwe mkutanoni, mbele ya watu wote. Mwatumu akanijia macho yanameta. "Nitasimama," akasema. Shangazi yake alikuwa mlangoni akipepeta mchele, akaacha. "Ukisimama watalitaja," akamwambia. "Na wakilitaja hadharani, mimi na wewe hatuna pa kukaa hapa. Tutafunga mizigo tena. Mimi nimechoka kufunga mizigo, mwanangu." Mwatumu akanigeukia mimi. "Mwambie, shoga. Watapiga kelele, watashika mawe, halafu watayaweka chini. Si tumeyaona?" Nikatikisa kichwa kukubali. Uongo wa pili, na huu sikutumia hata ulimi.

Siku mbili kabla ya mkutano niliamua kwenda kumwambia. Nilijipanga njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua thelathini. Nilimkuta jikoni anakoroga pweza wa nazi, na midomo yake ina rangi. Nikadhani amekula zambarau, maana msimu wake ulikuwa umeanza. Alinisogezea kibao cha mbuzi nikalie.

"Uso wako una neno," akasema. "Kula kwanza."

Nikala. Pweza alikuwa laini, ametiwa ndimu na pilipili moja nzima, nami nilikuwa nikimeza kama dawa. "Mwatumu," nikaanza, "kile kitabu..."

"Kile kitabu kizuri," akanikata. "Kesho kutwa mkutano. Usinitwike mzigo mwingine."

Nikanyamaza. Miaka yote nimejiambia nilinyamaza kwa kumhurumia. Si kweli. Nilinyamaza kwa kuogopa. Nikimwambia asisimame, nitakuwa nimemnyima. Nikimwambia naye akasimama, nitakuwa nimemvunja moyo. Kwa kukaa kimya, nilidhani, lolote litakalotokea halitakuwa langu.

Mkutano ulifanyika asubuhi, wanaume kwenye mabenchi, sisi kwenye mikeka. Mwatumu aliketi ubavuni kwangu. Mwenyekiti, Mzee Faki, alipouliza nani anajitolea, Mwatumu akaniwekea mkononi ncha ya kanga yake. "Shika kamba," akaninong'oneza, akasimama. "Mimi. Mwatumu binti Haji."

Kukawa na mvumo kama wa nyuki. Kisha mtu mmoja kwenye mabenchi akasema, "Huyo? Azalishe wake zetu?" Vichwa vyote vikageuka kumtazama, na kunitazama mimi niliyeshika kanga yake. Nami nikaiachia. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine aliyeliona. Yeye alikuwa anatazama mbele. Niliiachia ile ncha ikaanguka mkekani, nikaweka mikono yangu mapajani.

"Litajeni neno lenyewe," Mwatumu akasema. Sauti yake ilifika mpaka nyuma. "Nimelisikia nyuma ya ua tangu utoto. Leo nataka kulisikia mbele."

Hakuna aliyelitaja. Mzee Faki akakohoa. "Haya, mwingine nani? Mzee Ame, binti yako?"

"Wangu anaolewa mfungo mosi."

"Wewe, Makame?"

"Wangu ana kifua."

"Basi mkeo."

"Mke wangu miezi sita? Nani atanipikia, wewe Mwenyekiti?"

Watu wakacheka. Katika kicheko kile Bi Tatu akainuka, akishikilia bega la mwenzake. "Mimi nimewatoa nyote tumboni mwa mama zenu," akasema, "na wengine najuta. Macho yangu hayaoni tena hata kitovu. Binti huyu aende. Akirudi, nitamshika mkono mimi mwenyewe, nione kama nitakufa. Nina miaka sabini, nitakufa hata asiponigusa." Akaketi, akafungua kikopo chake cha ugoro. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kwa kusitasita. Wangu uliinuka nilipokwisha kuona mingine kama ishirini.

Alikwenda, akarudi na mkoba wa dawa na mkasi aliokuwa akiuchemsha mpaka tukamchoka. Hawakumpiga mawe. Wala hawakumkumbatia. Walimwita walipokuwa hawana njia nyingine, kwanza kwa kumpeleka Bi Tatu mbele yake, kisha baada ya miaka miwili mitatu bila Bi Tatu. Mwanangu wa kwanza alitoka mikononi mwake. Akina mama ambao watoto wao waliota meno ya juu kwanza walimletea kwa mlango wa uani, wamefunika kitoto kanga, nami nikiwepo nilimsikia akiwaambia, "Meno kazi yake kutafuna. Mpe ndizi." Na wapo waliokwenda mbali kutafuta mkunga mwingine mpaka siku alipokufa, sitawataja.

Kila nilipomwona nilifikiri, huyu alisimama kwa sababu ya hadithi iliyogeuzwa, na mimi nilijua. Nilidhani nina siri.

Leo asubuhi nimekifungua kile kifurushi. Nimekiweka kitabu mkekani na kukifunua kutoka kulia, kama zamani. Kwenye ukurasa wetu wa kwanza, juu ya wale wanne katika mvua, pameandikwa kwa penseli ya wino, kwa herufi za Kizungu kubwa zinazoyumba: MWANZO. Nikakimbilia upande wa pili, kwenye meza na watoto wanaokula. Hapo pameandikwa: MWISHO. Nikakumbuka jikoni, na pweza, na midomo yake yenye rangi ambayo haikuwa ya matunda. Penseli ilikuwa zamu yake siku ile. Mtu aliyeandika herufi hizi alizianzia kushoto. Alijua vizuri kitabu kile kinaanzia wapi. Alijua kabla ya mkutano, pengine kabla yangu, akakaa akachagua upande. Siwezi kuapa, hayupo wa kumwuliza. Kuhusu ncha ya kanga, kama alijua, hakuniachia maandishi.

Nimekirudisha upande wetu. Nimelowesha kidole, nikaanza upya kutoka kulia. Mvua ilikuwa inanyesha, na wale wanne walikuwa wanakuja.